Binti wa Kibokoni katika Ofisi ya Mweiga

Barua ya ajira ilipofika nyumbani kwa kaka yangu, Kibokoni, haikupokewa kwa vigelegele. Wifi yangu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia chini ya mto wa kochi kana kwamba ni bili ya maji. Binti yake wa pili, aliyehitimu shahada ya uchumi na takwimu, alikuwa ameitwa kazini na serikali ya Kaunti ya Nyeri, na kituo chake kilikuwa Mweiga. Hapakuwa na hata mmoja wetu mle sebuleni aliyejua Mweiga iko wapi. Mjomba mmoja alisema kwa yakini kubwa kwamba iko Meru. Bibi yake aliuliza swali moja tu: "Huko husikika adhana?"

Mweiga haiko Meru. Ni mji mdogo wa Kieni Magharibi, kaskazini mwa mji wa Nyeri, kando ya barabara iendayo Nyahururu. Magharibi yake imesimama milima ya Nyandarua. Mashariki, asubuhi mawingu yakijaalia, huonekana Mlima Kenya na theluji yake. Watalii huijua kwa sababu makao makuu ya Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare yako hapo. Sisi wa Pwani hatukuwa tukiijua kwa lolote. Nami nisingeiandikia makala lau si maswali ya akina mama wenzangu, ambao huu sasa ni mwaka wa pili wananiuliza: binti yenu anafanya kazi gani huko? Aliipataje? Na ilikuwaje mkamruhusu?

Nitaanza na kazi yenyewe, maana hapo ndipo wengi wetu tumekosea. Tukisikia "kazi ya serikali" tunamwona mwalimu, muuguzi, karani, askari au chifu. Cheo cha binti yetu ni mchumi, na alipotueleza mara ya kwanza, baba yake alidhani atakuwa akiuza na kununua kwa niaba ya kaunti. Mchumi wa serikali hauzi wala hanunui. Kazi yake ni kuchanganua: kuchukua haja za watu, fedha zilizopo na ahadi zilizotolewa, kuzipima pamoja, na kumwambia mwenye mamlaka kwa maandishi lipi linawezekana, lipi litangulie, na lililofanywa mwaka jana limemfaa nani. Jirani yake wa kazi ni msimamizi wa programu, ambaye hushika mradi tangu ukiwa karatasi mpaka mtu aanze kuutumia, akichunga muda, fedha, watu na mikataba. Katika ofisi ndogo kama ya Mweiga, mtu mmoja huweza kuzibeba kazi zote mbili, na yeye huzibeba.

Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 ilikwisha kuzifunga kwa kalenda isiyochezewa. Kila kaunti huandika mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Ndani yake huchomolewa mpango wa kila mwaka, ambao hauna budi kufikishwa mbele ya bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Mwisho wa Februari huja waraka wa mwelekeo wa fedha. Mwisho wa Aprili makadirio ya bajeti. Na tarehe 30 Juni mwaka wa fedha hufungwa. Nyuma ya kila karatasi hizo kuna watu walioketi na tarakimu usiku na mchana. Tunawajua wanawake wetu waliochaguliwa, kama Bi Fatuma Achani aliyekuwa gavana wa Kwale mwaka 2022, na ni haki kuwajua. Ila anayeandika ule mpango ambao gavana huutia saini hatumjui, wala hatujawahi kumwambia binti yetu kwamba anaweza kuwa yeye.

Tuchukue mfano wa bwawa. Kieni ni upande mkavu wa Nyeri. Mvua humwagikia milima, na tambarare huambulia kidogo. Kwa hiyo mabwawa ya kukinga maji ya mvua ni jambo zito huko kama visima vilivyo kwetu. Katika ripoti, bwawa huandikwa kwa mstari mmoja: limechimbwa, mkandarasi amelipwa, kazi imekamilika kwa asilimia 100. Mchanganuzi hupaswa kuusoma mstari huo kisha akavaa viatu akaenda. Maji yamo? Yakiwamo, mama wa mwisho kijijini hutembea muda gani kuyafikia, na zamani alitembea muda gani? Ng'ombe na watoto hunywa mahali pamoja? Nani anashika ufunguo wa lango? Serikali ina jina la kazi hii, ufuatiliaji na tathmini, na Kenya ina mfumo wa kitaifa wa shughuli hiyo tangu mwaka 2004. Binti yetu ana jina lake mwenyewe. Aliniambia, "Shangazi, mimi kazi yangu ni kuuliza swali la pili."

Pana jambo jingine huko Mweiga linaloeleza kazi hii kuliko niwezavyo mimi, nalo ni ua. Kwa miaka mingi wakulima waliopakana na msitu wa Nyandarua waliishi na ndovu. Shamba la viazi lililolimwa miezi minne lilikwisha kwa usiku mmoja, na familia zilikesha zikipiga madebe. Upande wa pili wa msitu, majangili walikuwa wakiwamaliza vifaru. Mwaka 1988 lilianzishwa shirika la hisani la Rhino Ark, na mwaka uliofuata, likishirikiana na serikali na wanajamii, likaanza kujenga ua wa umeme upande huu wa Nyeri. Nia ya kwanza ilikuwa kukinga sehemu moja tu. Lakini ua ukizuia ndovu hapa, ndovu huenda kwa jirani. Jirani naye akaomba ua. Kazi ikaendelea miaka 20, hadi mwaka 2009 ulipokamilika mzunguko wa takriban kilomita 400.

Marais wawili walishika madaraka tangu ua ule uanzwe hadi ukakamilika. Walibadilika wahisani, wahandisi, bei ya nyaya na jina la wizara. Kilichouvusha ni mtu, au tuseme mfululizo wa watu, waliokuwa wakijua kila mwaka tumefika wapi, fedha gani zimebaki, na kijiji gani kilikubaliana nini. Na baada ya sherehe ya kuufungua kazi haikuisha, kwa kuwa ua wa umeme usiofyekwa majani ni kamba ya kuanikia nguo. Tena kilomita 400 hazimwambii mtu lolote mpaka aulize kama mama wa shamba analala usiku.

Msomaji wa Kipini au Malindi asidhani habari hizo haziwahusu. Mito ya Chania na Gura hushuka kutoka Nyandarua ikaingia Tana, na Tana huishia Kipini. Matawi ya mto Athi hutoka miinuko ya kusini ya safu hiyo hiyo. Athi hugeuka Galana, ukaitwa Sabaki, na visima vya Baricho kandokando yake huleta maji Malindi na Mombasa. Msitu ule ukiharibiwa kwa mpango mbaya uliopitishwa huko juu, birika la chai hapa Kibokoni litapata habari.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa utumishi. Pwani hii ilikuwa na maliwali, mamudiri na makadhi, na makarani wa bandari na forodha ambao hati zao zilisomeka kama zimechapishwa. Sir Ali bin Salim alikuwa liwali wa Pwani zama za Mwingereza. Hata Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilitokana na MIOME, taasisi iliyoundwa zama hizo ili vijana wa Kiislamu wapate elimu ya ufundi. Ila vyeo vya zamani vilifuata ukoo, na vyote vilikuwa vya wanaume. Hivi vya leo hutangazwa, huombwa, na mtu huulizwa maswali na watu wasiomjua babake. Naona bado hatujaizoea tofauti hiyo. Katika nyumba zetu bado husikika neno "tutafute mtu wa kutusaidia" kabla hata fomu haijajazwa.

Dini nayo haikutuacha bila mfano. Sote tumesomeshwa kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, lakini tumezoea kukisoma kwa ajili ya kisima, kanzu na subira. Tukisome tena tukitazama ghala. Miaka saba ya neema, miaka saba ya njaa, mpango wa kuweka akiba uliokwisha kutayarishwa kabla ya dhiki, na hata agizo la kiufundi la kuiacha nafaka ndani ya masuke yake ili isiharibike. Alipoomba asimamizi wa hazina, alijieleza kwa sifa mbili tu, kuhifadhi na kujua. Hakutaja nasaba yake, naye ni mwana wa Nabii, mjukuu wa Nabii.

Sasa nirudi kwenye swali la pili, ilipatikanaje, maana hapa pana jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 65, huitaka bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, inapojaza nafasi za ngazi ya kuanzia, izingatie kwamba angalau asilimia 30 zichukuliwe na watu wasiotokana na kabila lenye wingi katika kaunti hiyo. Nyeri, ambako sensa ya 2019 ilihesabu watu 759,164 na walio wengi ni Wakikuyu, haina budi kumtazama mwombaji kutoka Lamu au Busia. Sheria haisemi Muislamu, wala haisemi Mswahili. Inasema yeyote asiye wa kabila la wengi, na huyo naye sharti ashindane kwa vyeti na mahojiano.

Je, sheria hiyo hutimizwa? Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilipokagua kaunti mwaka 2016 ilikuta nyingi hazijaifikia. Niseme na hili, ingawa litawaudhi baadhi ya wasomaji wangu: asilimia hizo 30 zinaifunga Kwale, Kilifi na Lamu sawasawa na zinavyoifunga Nyeri. Siwezi kumsifu bodi ya Nyeri kwa kumchukua binti yangu, kisha nikanung'unika kijana wa Othaya akipata kazi Msambweni.

Binti yetu hakuanza Mweiga. Alipohitimu alikaa nyumbani miezi minane, kisha akaomba nafasi katika mpango wa mafunzo ya kazini wa Tume ya Utumishi wa Umma, unaowachukua wahitimu kwa mwaka mmoja na kuwapa posho. Mwaka huo aliutumia Nairobi akijaza majedwali, na ndio uliomfungulia. Alijifunza kuandika ukurasa mmoja ambao mkubwa asiye na wakati ataumaliza kusoma. Asema hilo lilimfaa kuliko mtihani wowote wa chuo. Baada ya hapo aliomba nafasi katika kaunti sita. Tatu hazikujibu. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, aliulizwa kama "kitambaa" chake kitamzuia kwenda mashambani. Alijibu kwamba kitamzuia jua. Hakuitwa tena. Inafaa mabinti wajue kwamba ibara ya 32 ya Katiba hukataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya imani yake. Nao walio na kinyongo cha haki waandike malalamiko, wasiishie kulia jikoni.

Kwa walio shuleni bado, hisabati ndiyo mlango. Binti akiiacha kidato cha pili kwa kuambiwa ni ya wavulana, uchumi na takwimu vimempita hapo hapo. Vyuo tunavyo karibu: Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, kile cha Kiufundi kiko Mombasa penyewe. Na Chuo cha Mafunzo ya Serikali, KSG, ambako watumishi hupelekwa kunolewa katika usimamizi, kina tawi Matuga, mwendo mfupi kutoka kivuko cha Likoni. Huko Mlima Kenya tawi lake liko Embu. Tumepita mbele ya lango la Matuga miaka mingi tukienda harusini Kwale bila kuuliza ndani husomeshwa nini. Na akitokea mtu kusema kazi hizi hununuliwa, kwamba kuna ada ya kusukuma faili, huyo ni mwizi. Tume haitozi ada ya kuomba kazi.

Swali la tatu, la ruhusa, ndilo lililokula usiku wetu. Wanazuoni wana maneno yao kuhusu safari ya mwanamke na makazi yake mbali na wazazi, na kila familia ina mwalimu wake wa kumwuliza. Sisi tulimwuliza wetu. Tulichoafikiana ni kwamba kakake atamsindikiza na hatarudi mpaka aridhike. Walishika treni ya asubuhi hadi Nairobi, wakalala kwa jamaa, kisha wakapanda matatu ya Nyeri, safari ya kama kilomita 150. Juma moja lilipita kabla chumba hakijapatikana, nyumbani kwa mjane mmoja wa Kiislamu mjini Nyeri, mahali ambapo swali la bibi lilijibiwa alfajiri ya kwanza. Kila siku huenda Mweiga na kurudi.

Nilimtembelea mwezi wa Julai, kosa ambalo sitalirudia, maana baridi ya huko mwezi huo huingia mpaka kwenye meno. Nilimkuta amevaa koti juu ya buibui na soksi mbili mbili. Alinionyesha anaposali adhuhuri wakati wa mapumziko ya saa saba, pembe ya chumba cha mafaili ambayo mkubwa wake, mama wa Kanisa la Presbiteri, alimfagilia mwenyewe siku ya kwanza. Kibla cha Mweiga ni kaskazini, kama cha kwetu. Basi akisimama kusali, Mlima Kenya huwa kuliani mwake na Nyandarua kushotoni. Alasiri huisali anapofunga ofisi saa kumi na moja.

Mwanzoni watu walimdhania Msomali. Sasa wamama wa sokoni humwita "wa Mombasa", na amejifunza kuwaamkia kwa Kikuyu. Nilihudhuria naye kikao kimoja cha kushirikisha umma, vile ambavyo sheria huagiza vifanywe kabla ya bajeti. Mzee mmoja alisimama akalalamikia barabara kwa robo saa nzima. Binti yetu hakumkatiza. Mwisho alimwuliza, "Baba, mvua ikinyesha, maziwa yenu hulala siku ngapi?" Mzee akataja siku. Yeye akaandika. Nilitambua kwamba lile lalamiko refu lilikuwa limegeuka tarakimu, na kwamba tarakimu hiyo ingeweza kuingia ndani ya chumba ambamo mzee mwenyewe hataingia.

Si kila kitu ni tamu. Nyama ya halali huinunua mjini siku za Jumamosi, na ikimwishia hula maharagwe. Wenzake huchukua mikopo ya nyumba yenye riba naye hukaa nje ya mazungumzo hayo. Mshahara wake umeelekezwa katika mojawapo ya benki za Kiislamu zilizoanza kazi nchini mwaka 2008, na nyumba ataingoja. Idi moja iliangukia siku ambazo mpango wa mwaka unafungwa, akala pilau peke yake saa nne usiku. Na posa mbili zimevunjika, sitaficha, kwa sababu waposaji walitaka kwanza aache kazi. Wifi yangu alililia hilo kuliko yote. Mimi nilimwambia kwamba mume atakayeogopa bajeti ya Kieni huenda akaiogopa na ya nyumbani kwake, hakucheka.

Lipo na jaribio jingine, ambalo binti alinieleza kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa wawili tu. Mwenye kuandika kwamba kazi imekamilika, ilhali haijakamilika, huweza kushukuriwa na watu wengi. Kwake halijatokea, alhamdulillahi, lakini hulifikiria kila atiapo saini. Katiba imeweka walinzi wawili juu ya fedha hizi: Mdhibiti wa Bajeti, ambaye bila idhini yake fedha hazitoki katika mfuko, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye hufuata nyuma kuuliza zilifanya nini. Walioteuliwa kushika nafasi hizo mwaka 2019 na 2020, Dkt. Margaret Nyakang'o na Bi Nancy Gathungu, wote ni wanawake. Hata hivyo mkaguzi huja baada ya mwaka kufungwa. Aliyeko pale bwawani siku ile, na kalamu mkononi, ni msichana wa daraja la chini ambaye wazazi wake walimfundisha amana ni nini au hawakumfundisha.

Siku ya kuondoka kwangu alinifungia gunia dogo la vitunguu vya Kieni, vyekundu, vilivyokauka vizuri, nimpelekee mamake. Nililiburuta mpaka Nairobi, na kutoka Nairobi mpaka stesheni ya Miritini, nikijilaumu. Wifi yangu alikifungua kifurushi pale pale barazani, akachukua kitunguu kimoja, akakigeuza mkononi, akakinusa. Kwa miaka miwili hakuwa ameniuliza lolote kuhusu Mweiga isipokuwa kama kuna wezi.

"Huko wauza kilo kwa bei gani?" akauliza. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, midomo ikihesabu. "Na Kongowea twauziwa bei gani! Hebu mpigie mwanangu simu. Nataka anieleze njiani hapa kati nani anakula."